Kanda za Somo Yangu

Deki yenyewe ilikuwa mbovu, niseme hilo kwanza. Ilikuwa inatafuna mkanda, na ukitaka itulie lazima uweke kitu kizito juu yake, nami nilikuwa naweka kinu changu cha kutwangia tangawizi. Binti yangu aliniambia niitupe, siku hizi watu hawana deki, nikamwambia sitaki. Bila deki zile kanda za video zilikuwa plastiki tu, na ndani ya zile kanda ndimo alimobaki somo yangu. Hakubaki pengine popote. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na nikipotea njiani mnivumilie, maana mimi shule niliishia darasa la tatu, na kusema jambo likanyooka sijapata kuweza.

Somo yangu alikuwa mwanamume, na kazi yake aliyoipenda ilikuwa kupamba maharusi. Kazi ya mshahara ilikuwa nyingine. Tulikuwa sote kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Minneapolis, tukikunja mashuka. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, mnashika pembe, mnakaribiana, mnaachana, mnakaribiana tena, na kila mkikaribiana mnasema neno moja. Ndivyo tulivyojuana, neno moja moja. Nikasikia lafudhi yake nikamuuliza wewe wa wapi, akaniambia wa Mombasa, Mji wa Kale, nyuma ya msikiti fulani, nami ni wa mtaa wa pili wake. Tulikuwa tumezaliwa karibu hivyo na hatukuwahi kuonana mpaka tukaja kukunjia wageni mashuka kwenye baridi. Akaanza kuniita somo, nami nikamwita somo, ikawa hivyo mpaka mwisho.

Mtu kama yeye kwetu ana jina lake, nanyi mnalijua. Sitaliandika kwa sababu nimelisikia mara nyingi likirushwa kama jiwe. Alikuwa akipenda wanaume. Aliwahi kuwa na mmoja, Mmarekani, dereva wa basi la jiji, mtu mnene mpole aliyejifunza kula kaimati, wakakaa pamoja miaka hadi yule akahamia kwa ndugu zake kusini. Sikuulizwa niseme nini juu ya hilo, na sikusema. Nilimpelekea biriani wiki nzima.

Sasa, wanawake wa pwani tulioko huku hatukuwa wengi wakati ule. Tumetawanyika vitongojini, mmoja yuko Savage, mmoja Maple Grove, mwingine sijui wapi huko mbele, mpaka harusi itukusanye. Na harusi za huku zilifanyika katika ukumbi wa chini wa apatimenti moja, wenye mashine za kufulia upande mmoja. Mabuibui tunayarundika juu ya mashine. Mabuti ya theluji yanajaa mlangoni, na wakati wa kuondoka kila mtu anavaa la mwenzake, mimi nilikwenda nyumbani wiki nzima na mabuti ya mtu mwenye mguu mkubwa kuliko wangu. Pembe za vugo, zile za kupiga kwenye ngoma ya harusi, hatukuwa nazo, zile somo yangu alizojaribu kuja nazo zilibaki kwa watu wa uwanja wa ndege, basi tulipiga hanga za mbao za kutundikia nguo, na wallahi zilitoa sauti.

Yeye aliruhusiwa kuingia. Wanaume wengine wote wanabaki juu au wanaenda kunywa kahawa kwingine, yeye anaingia na sanduku lake la hina na wanja na asumini ya kutengeneza, anaketi na bibi harusi, na hakuna aliyejifunika kwa ajili yake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa watu kama yeye, na ndivyo tulivyoendelea nayo huku bila mtu kukaa akaamua. Waume zetu walijua wakanyamaza. Sisi tulijua tukanyamaza. Tulimwita mwenzetu.

Siku moja udi ulikuwa mwingi mno, ile kengele ya moshi ikalia, na wazimamoto wakaja na mashoka yao. Wanawake wakakimbilia jikoni, wengine wakaingia nyuma ya mashine za kufulia, kichwa wazi, vifua nje, hina mbichi mikononi. Somo yangu akaenda kuziba mlango, na leso kiunoni, na kikuba cha asumini yake ya kutengeneza shingoni. Akawaambia wazimamoto kwa Kiingereza chake cha hotelini kwamba hakuna moto ila wanawake. Wakacheka wakaondoka. Ndani sisi tulikuwa tunakufa kwa kucheka, na bibi harusi wanja umemteremka mpaka kidevuni.

Kuhusu kanda. Familia zilitaka picha ya video ya harusi, na mpiga picha mwanamke hakupatikana, basi alinunua kamera akawa anapiga yeye. Alikuwa na deki mbili zimeunganishwa kwa waya, ile ya asili anaiweka huku, tupu anaiweka kule, familia inapata nakala. Ya asili anabaki nayo, maana nakala ikiharibika mtu atakuja kumlilia. Ndiyo ilikuwa njia ya kazi. Hakuna aliyeuliza ya asili imekwenda wapi. Nani angeuliza? Kitu kingine ni kwamba hakuweza kusimama nyuma ya kamera wimbo ukishapamba moto. Anaiacha juu ya friji, anaingia kati. Kwa hiyo kila kanda yumo, anazunguka, anamfunga mtu leso vizuri, anaimbisha, sauti yake iko juu ya sauti zote.

Figo zake zikafa. Tukawa tunakwenda naye kule wanakosafisha damu kwa mashine, mimi nakaa naye kwa kuwa hakuwa na mtu. Pale kwenye kiti, mirija mkononi, ndipo aliponiambia habari ya watu fulani. Alisema kuna nyumba kusini mwa jiji, wanajitolea tu, wanakusanya vitu vya watu wa namna yake: fulana walizoandamana nazo, vibiriti vya baa za zamani, mikufu, picha, barua. Mtu akifa na familia yake ikatupa vitu vyake jalalani, wao wanakwenda kuviokota. Alikuwa ameonana na mmoja wao. Mimi nilimuuliza vya kazi gani vibiriti, na yeye akaniuliza kama nakumbuka picha ya harusi ya kaka yake iliyoko sebuleni kwao Mombasa. Nikasema nitaikumbukaje na sijafika kwao.

"Walinikata," akasema. "Kwa mkasi. Wamesahau mkono tu, uko begani kwa kaka yangu mpaka leo, wageni wanauliza huu mkono wa nani." Akatazama mashine inavyozunguka. "Somo, nikifa wape hao watu kanda zangu. Wasije wakasema sikuwepo."

Nikamwambia nitawapa.

Akafa majira ya theluji kuyeyuka. Watu wa msikiti walimwosha wakamswalia wakamzika vizuri, sitawasingizia. Kaka yake aliongea nami kwa simu, akaniambia nguo zitolewe sadaka, vingine vyote nifanye nionavyo, ila jina la familia nisilipeleke popote. Nikamwahidi na yeye. Mimi huwa naahidi upesi. Begi la magurudumu lililojaa kanda nikaliburura kwenye barafu hadi kwangu, nikaliweka chini ya kitanda.

Nikawapigia simu watu wa ile nyumba ya kumbukumbu, na mtu wao nilimtarajia Mzungu. Akaja mwanamke wa Kikongo, umri wa binti yangu, amekulia kitongoji cha Oakdale kwa watu wake waliokuja kama wakimbizi, wote watu wa kanisa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tukaanza kuchekana Kiswahili, chake na changu, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye asiyejua. Akaniambia waziwazi, kikombe cha chai mkononi, kwamba anampenda mwanamke mwenzake wanaishi naye, na mamake mzazi anajua lakini hajasema kitu. Mimi nikamwongezea maziwa. Nilimwona amekonda.

Alinieleza kwamba rafu zao zimejaa. Vitu vya Wazungu, vya Wamarekani weusi, vya wale wenyeji wa asili wa hapa. "Lakini ya watu wa kwetu hakuna, mama. Wenye kusema Kiswahili, hata moja hakuna. Ni kama hatukufika."

Nikaweka kanda, nikaweka kinu juu ya deki. Ikatokea harusi moja ya familia ya yule wa Savage, rangi zimekimbia kidogo, na somo yangu akaja karibu kabisa na kamera akapangusa kioo kwa pindo la leso, akarudi nyuma, akaanza kuimbisha. Yule mtoto wa Kikongo akaweka mkono mdomoni. Halafu nikaona macho yake yanaacha kumtazama somo yangu yanatazama wengine, akaniomba nisimamishe.

"Mama, hawa bamama wanajua kama wako humu ndani?"

Nikasema hawajui. Akasema basi hawezi kuchukua. Kwao wana kanuni, kama mtu anaonekana na yuko hai, anaulizwa. Alisema wanaweza kufunga kanda kwenye kabati miaka mingi, wanaweza kuweka ukungu kwenye nyuso, wanaweza kubakiza sauti tu, lakini kwanza waulizwe. Aliniomba niwaulize mimi, kwa kuwa yeye hawamjui.

Hapo sasa. Ningekwenda nyumba kwa nyumba, nikaketi jikoni na kila mmoja peke yake huku anakata vitunguu, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini nilifikiri kwa akili zetu. Nilifikiri kwamba arubaini yake inakuja, tutamsomea hitima kwangu, wote watakuwepo, mioyo imelainika, juzuu mikononi, ndio wakati wa kuomba. Kwetu jambo zito huombwa penye watu. Sikuwaza kwamba penye watu ndipo mtu asipoweza kusema ndiyo.

Tukasoma, tukamwombea, watu wakalia. Nikaleta visheti na kahawa. Nikasema nina neno. Nikaeleza habari ya kanda, na ile nyumba, na kabati, na ukungu wa nyuso. Nilivyokuwa nikieleza ndivyo vikombe vilivyokuwa vikitua sakafuni kimoja kimoja.

Mkubwa wetu, mama mwenye duka la nguo na mumewe, ndiye tuliyezoea aseme kwanza. Akauliza kwa upole kabisa kanda hizo zimetoka wapi, maana kila mtu ana yake kwake. Nikaeleza habari ya asili na nakala. Mmoja akasema, "Yaani miaka yote hii niko chini ya kitanda chako na tumbo langu nje," watu wakacheka kidogo, nikafikiri afadhali, wamecheka.

Mkubwa wetu hakucheka. Akaniuliza, "Na huyo atakayeniwekea ukungu usoni, si lazima anitazame kwanza?"

Nikasema basi watangoja, watafunga hadi sote tuwe tumekufa. Bibi mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mkimya siku zote, akasema, "Nikishakufa ndiyo nitakuwa sina stara?" Na kweli, hata maiti yetu huoshwa kwa pazia.

Kisha mtu akauliza hao watu wa hiyo nyumba ni watu gani. Nami, wallahi kwa nia njema tu, nikasema ni watu kama yeye.

Tulikuwa tunajua sote, miaka yote, lakini lilikuwa halijatamkwa, na sasa nimelitamka juu ya visheti vya hitima yake. Nikaona kila mmoja anavuta mtandio wake mbele kama vile mwanamume ameingia. Kama vile yeye ameingia, na sasa ni mwanamume.

"Yule alikuwa mwenzetu," mkubwa wetu akasema. "Tulimfungulia mlango yeye. Usimpe jina jingine nyumbani kwako tukiwepo." Halafu akasema taratibu, akinishika goti, kwamba hakuna anayenilaumu, ila kanda zirudi kwa wenyewe.

Mkitaka niwaambie walikuwa wabaya, sitawaambia. Mimi mwenyewe nimo mle, kijana bado, nywele hadi mgongoni, nacheza chakacha ambayo mume wangu aliyezikwa hakuiona. Walichosema ni kweli. Na alichoniomba somo yangu ni kweli. Nilikuwa katikati kama shuka, huku wanashika pembe na huku anashika, na hakuna aliyekuwa anakaribia.

Wakaja, mmoja mmoja, kuchukua. Wa Maple Grove alituma mwanawe ndani ya gari, mwingine alikuja na samosa kama mtu aliyekosa. Sikubishana na mtu. Nilivuta begi, nikatafuta, nikatoa.

Aliyenimaliza ni yule mkimya wa dirishani. Alikuja mchana, akaomba aione kwanza, kwake hana deki tangu zamani. Mle ndani alikuwamo mamake, aliyekuja huku uzeeni akafia huku. Nikaweka. Mama wa watu akatokea, mdogo mdogo, meno hana, amesimama katikati ya ukumbi anazungusha kiuno na somo yangu amepiga magoti mbele yake anamfunga leso upya kwa sababu inamdondoka, na bado anaimba. Yule bibi akacheka mpaka akajipangusa macho. "Mwone," akasema, "mwone huyu mzee." Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Aliangalia tena na tena ile sehemu ya leso. Mimi nikafikiri, huyu ataruhusu. Nikajiambia nikae kimya nisiharibu.

Ilipokwisha akaomba mkasi.

Nikampa, kwani ningefanyaje, ni mamake. Akafungua kifuniko cha kanda akavuta mkanda kwa urefu wa mkono, pua mpaka ncha ya kidole, kama tunavyopima kitambaa dukani, akikata, akivuta, akikata, na midomo yake ilikuwa inasoma dua. Mimi nilishika mfuko wa takataka ukiwa wazi. Rundo jeusi linalong'aa likajaa. Akanishukuru akaenda zake, na mlangoni akaniambia kwamba yule kijana alikuwa akimpenda sana mamake. Kijana, alimwita.

Ikabaki ya mwisho, ya binti yangu mwenyewe. Hiyo nikaona ni yangu, hapa nitaweza. Nikampigia simu. Yeye huwa nasema naye Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini siku hiyo alinijibu Kiswahili, nikajua ni baya. Akasema mama mkwe wake yumo mle, na shemeji zake, na kwamba yeye kesho ataishi nao, si mimi. Alisema, "Mama, mimi nilimpenda pia. Ndiye aliyenipaka hina." Alikuwa analia. Akaja na mumewe kwa gari kuichukua, mumewe akabaki chini na injini inawaka. Nikampa binti yangu kanda yake ndani ya mfuko wa duka. Hakuniambia atafanya nini nayo nami sikuuliza. Deki nikaichomoa mwenyewe kwenye umeme siku ile ile.

Yule mtoto wa Kikongo alirudi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungewauliza mmoja mmoja, mama." Alikuwa amekuja na sanduku la kijivu la karatasi ngumu, tupu, lile wanamoweka vitu vya mtu. Akaliweka juu ya zulia katikati yetu. Alitafuta nyumbani kwangu kitu chochote. Nguo zilikuwa zimeshatolewa sadaka. Sanduku la hina alikuwa amelichukua mpambaji mwingine, akalisugua kwa dawa. Nilikuwa na picha ya kitambulisho chake cha kazini, amekaza shingo kama mtu anayeshitakiwa, lakini ina jina, na jina nilimwahidi kaka yake.

Akaniuliza kama nitakubali kusema. Alitoa kijimashine cha kurekodi sauti, kidogo kuliko kibiriti, akakiweka karibu na sahani ya visheti. Nikasema. Nilisema habari za mashuka, na yule dereva wa basi, na wazimamoto, nikarukia huku nikarukia kule kama ninavyofanya hapa. Akawa anatikisa kichwa, anaandika, lakini niliona anangoja kitu. Mwisho akaniomba nimwimbie. Ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, aliousikia kidogo kwenye kanda ya Savage. Alisema maneno ya mtu yakibaki, ni kama mwenyewe amebaki.

Nikakaa sawa. Nikavuta pumzi. Nikagundua kwamba siujui.

Ule wimbo haukuwa na maneno ya kukariri. Mwimbishaji ndiye anayeyatunga palepale, anataja mama wa bibi harusi, anachokoza mashangazi, anasifu pilau, na kila harusi ni mapya. Sisi wengine tunaitikia. Miaka yote ile nilikuwa namsikia, nacheka, napiga hanga, na mdomoni mwangu lilikuwa linatoka neno moja tu.

Nikamwambia yule mtoto. Akasema, imba hilo hilo.

Basi nikaimba, "Na aje tumwone." Nikanyamaza kwa muda ule ambao yeye angekuwa anaimba, maana huwezi kuitikia juu ya mtu. Jokofu likawa linanguruma jikoni. Nikaitikia tena, "Na aje tumwone," nikangoja. Yule mtoto hakuzima mashine. Alikuwa anatazama lile sanduku, nami nikapiga makofi kushika mwendo, nikaitikia, nikangoja, nikaitikia, nikangoja.